Nyumbani kilo 78, kliniki kilo 82: mizani ipi inasema kweli?

Kuna dada wa Morogoro kaniuliza swali, nalifupisha hapa ili wote tuwe pamoja. Ana mizani ya kioo ya dijitali nyumbani. Wiki 6 zilizopita ilimsomea kilo 82.6, akaacha soda, akapunguza vya kukaanga, akaanza kutembea jioni, na Jumatatu asubuhi saa 12 akapanda tena akakuta 78.2, alifurahi mpaka akamwamsha mumewe. Siku hiyohiyo akampeleka mtoto kliniki, foleni ikawa ndefu, kwenye saa 8 mchana nesi akampima na yeye akaambiwa 82. Njiani akapita famasi, 80.9. Stendi kuna kijana anakaa na mizani ya mshale chini ya mwavuli, pale ikawa 79. Jioni mume akamwambia basi hujapungua kitu, hiyo mizani yako inakufariji tu. Anauliza ipi ni ya kweli, na hiyo ya nyumbani aitupe?

Dada yangu, usiitupe. Na nianze na hilo linalokuuma: umepungua. Umetoka 82.6 ukaja 78.2 kwenye mizani ileile, palepale, asubuhi kabla ya chai. Hata kama mizani yako inakosea kilo nzima, ilikosea kilo nzima siku ya kwanza na imekosea kilo nzima Jumatatu, ukitoa moja kwenye nyingine lile kosa linajifuta lenyewe. Na kama inakosea kwa asilimia, tuseme inapunguza asilimia 2 ya kila kinachowekwa juu yake, basi kwenye hizo kilo 4.4 zako kosa halifiki hata gramu 100. Alichofanya shemeji ni kuichukua 82.6 ya nyumbani akaiweka karibu na 82 ya kliniki, mizani mbili tofauti, saa tofauti, nguo tofauti, na hapo hata ukimleta mhasibu hakuna hesabu itakayotoka.

Mimi ni fundi wa mizani, miaka 17 sasa, natengeneza na kurekebisha za madukani, za maghala ya mazao na za vituo vya afya, na hili swali naulizwa karibu kila wiki na watu waliokwisha kata tamaa ya kujipunguza kwa sababu tu walipanda mizani ya pili. Inaniuma kwa kweli. Kwahiyo ngoja tuivunje hiyo tofauti yako ya kilo 3.8 kati ya asubuhi na kliniki kipande kwa kipande, maana umeniandikia vizuri ulichovaa na ulichokula.

Asubuhi ulikuwa na khanga moja, umeshatoka chooni. Kliniki ulikuwa na gauni la kitenge na gagulo, mtandio, viatu vya soli nene ambavyo nesi hakukwambia uvue, na simu mfukoni. Mimi kwa kazi yangu nimeshapima sana hivi vitu, jinzi ya mwanaume peke yake inafika gramu 700, jozi ya raba inaweza kufika kilo, simu na kava lake ni gramu 200 na kitu. Vya kwako nakadiria kilo 1.3 juu ya ile khanga. Alafu umekunywa chai vikombe viwili na chapati, mchana ukala wali maharage palepale nje ya kliniki, na maji chupa ya lita moja kwa sababu ya jua. Watu wanasahau kwamba maji lita 1 ni kilo 1, yakishaingia mwilini hayageuki kuwa hewa, yanakaa na wewe mpaka utakapokojoa au kutoka jasho. Hivyo vyote umeingiza kama kilo 2 hivi, umetoa labda gramu 900 kwa mkojo na jasho na pumzi, imebaki kilo 1.1. Jumlisha na nguo, 2.4. Kwahiyo kati ya zile 3.8 zilizokutisha, 2.4 si za mizani kabisa, ni zako mwenyewe na viatu vyako. Za mizani zimebaki 1.4.

Na hata bila kula wala kuvaa, mwili wenyewe hautulii. Ukilala usiku unaamka umepungua kama nusu kilo kwa pumzi na jasho tu. Wanawake wengi wakikaribia siku zao mwili unashika maji, kilo 1 mpaka 2, zinaondoka zenyewe baada ya siku chache. Ukila chumvi nyingi mwili unashika maji ya kuilainisha. Na wanga nao, mwili unauweka akiba kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu moja ya hiyo akiba inakaa na maji kama gramu 3, ndo maana mtu akianza kujinyima wanga wiki ya kwanza anashuka kwa kasi anashangilia, alafu siku moja ya harusi anakula pilau na soda, kesho yake kilo moja imerudi, analia. Hajanenepa. Kuongeza kilo moja ya mafuta unatakiwa uzidishe kalori kama 7,700 juu ya mahitaji yako, sahani ya pilau haina hizo hata ukiirudia mara tatu. Kwenye zile 4.4 zako zipo za maji pia, hasa za wiki ya kwanza, lakini wiki 6 za kushuka mfululizo si maji tu.

Sasa tuje kwenye mizani zenyewe, hizi 1.4 zilizobaki.

Ile ya kijana wa stendi ni ya springi. Ukikanyaga, springi inavutika, inazungusha mshale. Kanuni yake ni ya zamani, Mwingereza Robert Hooke aliiandika mwaka 1678, kwamba mzigo ukizidi mara mbili springi nayo inavutika mara mbili. Shida ni kwamba springi inachoka. Ikivutwa na watu mia kwa siku, kila siku, jua linaipiga, mvua inaipata, kutu inaingia, inaanza kulegea na hairudi mahali pake sawasawa. Angalia mshale kabla hujapanda, kama hauko kwenye sifuri iliyonyooka, tayari unaanza na kosa. Alafu kuna suala la jicho, ukiinama kusoma kutoka pembeni mshale unaonekana umesogea nusu kilo au zaidi, na yule kijana anasomea pembeni akiwa amekaa chini. Alikupa 79 kamili bila pointi kwa sababu ile mizani haina uwezo wa kukupa pointi. Pale unasoma kilo nzima na hata hiyo ni ya kubahatisha.

Ya kwako na ya famasi ni za dijitali. Ndani hakuna springi, kuna sensa nne, moja kwenye kila mguu. Kila sensa ni kipande cha chuma chenye waya mwembamba uliogandishwa juu yake, ukikanyaga chuma kinapinda kidogo sana ambako jicho halioni, waya unavutika nao, umeme unaopita unabadilika, na ile kompyuta ndogo ndani inageuza hayo mabadiliko kuwa kilo. Ni kitu kizuri sana kikitunzwa. Lakini miguu ni minne na mizani inajumlisha ya yote minne, kwahiyo mguu mmoja ukiwa hewani kwa sababu sakafu ina mbonyeo, au ule mpira wa chini umetoka, au mchanga umeganda hapo, ule mguu hausomi sawa na wenzake na jibu linakuwa pungufu au linacheza. Nimefungua mizani nyingi za watu wa pwani, Tanga, Dar, nimekuta sensa imeota kutu kwa sababu inakaa bafuni. Usiiweke bafuni, bafu zetu wengi tunaogea kopo na maji yanamwagika sakafu nzima.

Kuna ujanja mwingine wa mizani za bei nafuu ambao wengi hawaujui. Ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, inakuletea namba ileile mpaka pointi, unasema aah hii iko vizuri haiyumbi. Kumbe nyingine zimetengenezwa zikumbuke, zikiona uzito wa pili uko karibu na wa kwanza zinarudisha namba ya kwanza bila kupima upya. Ukitaka kujua, jipime, shuka, panda tena ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Kama namba haijasogea, hiyo inakumbuka, haipimi. Dawa yake ni kuweka kitu kizito tofauti katikati, mpandishe mtoto au ndoo ya maji, alafu urudi wewe.

Na ile pointi moja isikudanganye. Skrini kuandika 78.2 haina maana kwamba mizani inajua mpaka gramu 200 yako, ina maana tu kwamba waliamua kuandika tarakimu moja baada ya nukta. Kuna mizani inaonyesha pointi mbili na inakosea kilo mbili, nimeziona kwa macho yangu.

Hiyo ya kliniki umesema ni ile ndefu ya kusimama, nesi anasukuma vyuma kwenye mkono wa juu mpaka usawazike. Hiyo mimi naipenda kuliko zote. Haina betri wala springi ya kupimia, inakulinganisha wewe na vyuma ambavyo uzito wake unajulikana, kama mizani ya sokoni ya sahani mbili. Ila inakosewa na watu. Ikisogezwa wakati wa kudeki bila kusawazishwa upya inakosea, na nesi mwenye foleni ya akina mama 60 akisukuma kile chuma kikubwa kisiingie vizuri kwenye kijino chake, kosa linaweza kuwa kilo nzima. Simlaumu nesi, namuonea huruma, lakini ndo hali halisi.

Sasa jambo ambalo huwa linawashangaza watu. Kwa kanuni za kimataifa mizani ya hospitalini iliyo ya daraja la tatu la usahihi, ya kusoma kila gramu 100, ikiwa kazini inaruhusiwa kukosea mpaka gramu 200 kwa mtu wa kilo zako, juu au chini. Maana yake hospitali mbili zenye mizani halali kabisa, zimekaguliwa, moja inakosea kwenda juu nyingine kwenda chini, zinaweza kupishana gramu 400 juu ya mtu mmoja kwa saa moja na hakuna hata moja iliyovunja sheria. Hapo ni mizani za hospitali zilizokaguliwa. Za nyumbani hazijafungwa na kanuni kali namna hiyo. Kwahiyo 1.4 uliyoiona wewe kati ya kioo chako na kliniki ni kubwa, ndiyo, inabidi tuitafute, lakini si ya ajabu.

Kabla sijakwambia namna ya kuitafuta, niguse la kapeti na la mlima, yaani kwamba mizani husoma tofauti ikiwekwa juu ya kapeti au ikipandishwa mlimani, kwa sababu najua kuna wasomaji wanaoyasubiri. Kapeti ni kweli, mizani ya dijitali ikizama kwenye zulia nene tumbo lake linagusa chini, sehemu ya uzito wako inapita pembeni ya sensa, na zile za springi za zamani nazo zinabadilika kwa sababu sahani ya chini haipindi kama ilivyopinda kiwandani. Weka kwenye taili au simenti iliyosakafiwa vizuri, basi. La mlima ni kweli pia ila ni dogo mno. Dunia inavuta kidogo zaidi kwenye ncha zake kuliko huku kwetu karibu na ikweta, na ukipanda juu mvuto unapungua. Mtu wa kilo 78 akitoka Dar akaenda Arusha na mizani yake ya dijitali itapungua kama gramu 30, nusu kikombe cha kahawa, skrini yako haiwezi hata kuiona. Mizani iliyopangwa kiwandani Ulaya ya kaskazini ikaletwa huku bila kupangwa upya, hiyo inaweza kukupunguzia gramu 200 na kitu. Ile ya kusukuma vyuma haijali, maana dunia inakuvuta wewe na inavivuta vile vyuma pia kwa kiwango kilekile.

Haya, namna ya kuipima mizani yako. Nenda kwenye ghala la mazao au duka la jumla lenye mizani ya kupimia magunia, ile ya sahani pana chini. Hizo zinatumika kwa biashara kwahiyo Wakala wa Vipimo wanazikagua na kuzibandika stika, angalia stika ya mwaka huu ipo, muombe mwenye duka kwa adabu usimame, hawakatai. Hakikisha inaonyesha sifuri kabla hujapanda. Andika namba. Rudi nyumbani moja kwa moja, nguo zilezile, viatu vilevile, usinywe kitu, usiende chooni, panda ya kwako ndani ya nusu saa. Tofauti utakayoiona hapo ndo kosa la mizani yako, liandike kwa kalamu ya kutofutika chini ya kioo, "ongeza 0.9" au itakavyokuwa, umemaliza.

Kama ghala liko mbali, kuna mifuko ya kiwandani ya kilo 25 ya unga au mchele ambayo haijafunguliwa, mitatu ni 75, karibu sana na uzito wako, na hilo la kuwa karibu ni muhimu kwa sababu mizani inaweza kuwa sahihi kwenye kilo 10 na kuharibika kwenye 80. Mifuko yenyewe mitupu haizidi gramu mia chache kwa yote mitatu. Ipange taratibu mmoja juu ya mwingine katikati, usiutupe, kioo kitapasuka. Na ujaribu pia kusimama mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto, kulia, namba zikipishana zaidi ya gramu 300 kuna mguu mgonjwa, igeuze uangalie chini kabla hujafikiria kununua nyingine. Betri ikianza kuisha nazo zinayumba, badilisha.

Nikikisia bila kuiona, mizani yako inapunguza kama kilo moja na ya kliniki inaongeza kidogo. Ya famasi 80.9 ulipanda baada ya kutoka kliniki, nguo zilezile, kwahiyo kati ya hizo mbili tofauti ni 1.1 na hiyo yote ni ya mizani. Asubuhi bila nguo nadhani wewe ni 79 na kitu, na wiki 6 nyuma ulikuwa 83 na kitu. Umeona? Namba zimepanda zote mbili, ulichopunguza kimebaki palepale.

Lakini dada, kuna kitu kwenye barua yako umekipita haraka na mimi kimenisimamisha. Umesema mtoto naye siku hiyo alipimwa "na shati lake na sweta". Kwa mtu mzima kosa la gramu 400 ni nusu asilimia, halina madhara. Kwa mtoto wa kilo 8 ni asilimia 5, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Niliwahi kuitwa zahanati moja kurekebisha mzani wa kuning'iniza, ule wa saa wenye suruali ya kumwekea mtoto. Nikakuta mshale unakaa kwenye gramu 400 bila mtoto. Suruali ya zamani ilichanika, wakashona nyingine ya turubai nzito, hakuna aliyekumbuka kurudisha sifuri, kuna kile kiskrubu juu kinazungushwa tu. Kwa muda ambao hakuna aliyeweza kunitajia, kila mtoto aliandikiwa gramu 400 ambazo hakuwa nazo. Mtoto ambaye alikuwa amekwama au anashuka, kwenye kadi mstari wake ulikuwa unapanda, na mama akaambiwa hongera endelea hivyohivyo. Ile siku sikulala vizuri.

Na dawa za watoto zinakwenda kwa kilo. Dawa ya mseto ya malaria, ALu, mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anameza kidonge kimoja kwa mara moja, kuanzia 15 mpaka chini ya 25 anameza viwili. Ukimpima na sweta na viatu mtoto wa kilo 14.5 anavuka mpaka. Dawa ya maji ya homa nayo hivyohivyo, miligramu kwa kila kilo. Kwahiyo kliniki ijayo mvue mtoto, abaki na nguo nyepesi kabisa au bila kitu akiwa mdogo, na muombe nesi kwa upole, "samahani nesi, naomba nione sifuri kabla hujamweka." Wengi wanafurahi, wanajua umuhimu wake kuliko mimi. Kama mzani wao ni ule wa dijitali wa mama na mtoto, wewe unapanda kwanza, nesi anaurudisha sifuri ukiwa juu, alafu unapewa mtoto, hapo usimpokee na blanketi wala na kile kidoli chake, maana vyote vitaandikwa kuwa ni yeye.

Wewe mwenyewe endelea na kioo chako, mara moja kwa wiki inatosha, asubuhi, umetoka chooni, khanga ileile, kigae kilekile cha sakafu, ukichukia wiki moja isiyoshuka subiri ya pili kabla hujaamua lolote. Kila siku usipande, maji yatakuchezea akili. Na hiyo ya ghala ukishaipata niandikie ilikuwa ngapi, nataka kujua kama nimekisia sawa.